Maji ya Mgeni

Nikisikia harufu ya sukari guru hasira hunipanda kabla sijakumbuka ni kwa nini. Wiki chache zilizopita nilikuwa sokoni hapa Kisumu nikichagua nyanya, na mwanamke aliyeketi karibu nami akafungua gunia lake. Harufu ikatoka: miwa iliyochemshwa mpaka ikakaribia kuungua, moshi wa makapi, na chini yake uchachu kidogo, kama wa uji uliosahaulika. Watu wawili watatu wakasogea kununua, wakisifu jinsi ilivyo nyeusi na tamu. Mimi niliziacha nyanya zangu pale pale nikaenda zangu. Yule mama hakuwa amenikosea lolote, lakini siku hiyo nilimkasirikia njia nzima.

Jioni yake nikapata ujumbe kwenye simu. Ulitoka kwa kijana mmoja mwenye adabu sana, anayekusanya habari za vitongoji vyote vya upande wetu ili ziwekwe mtandaoni. Alikuwa ameambiwa kwamba mimi ni mzaliwa wa Kandiwo na tena naandika vizuri. Akanitumia fomu: jina la kitongoji, mahali kilipo, mipaka, shughuli za wakazi, chanzo cha maji. Mwishoni akaongeza, "Aya moja tu inatosha, dada. Kitongoji chenyewe ni kidogo."

Ni kidogo, kweli. Ukitoka Rangwe na kuifuata barabara ya murram kwa muda, utafika kwenye mji wa viwanda vya sukari guru. Sisi tuliuita Mjini tu, kwa kuwa hatukuwa na mwingine. Lami yote ya upande ule iko Mjini, na stima iko Mjini, na inaishia pale unapoanza kuteremka kwenda kwenye kijito. Ng'ambo ya kijito ndiyo Kandiwo. Mashariki tumepakana na Mjini, magharibi na kilima, kaskazini na miwa, kusini na miwa. Wakati wangu kulikuwa na boma thelathini hivi, kanisa la Wasabato lenye kengele iliyotengenezwa kwa rimu ya trekta, kinu cha posho kilichofanya kazi kilipojisikia, na uwanja wa mpira uliolala mteremko, hata timu iliyopewa kipindi cha pili kupanda ilijua imeshashindwa. Shughuli za wakazi: kulima miwa, kukata miwa, kubeba miwa, na kuvuta moshi wa miwa. Baba yangu alichoka na hayo yote, akaenda Osiri kuchimba dhahabu, na tulikuwa tukimwona mara moja kwa mwezi, macho mekundu kwa vumbi. Nyumbani tulibaki Mama, mimi, na mdogo wangu Akoth.

Fomu yote niliijaza bila kuinua kichwa mpaka nilipofika penye chanzo cha maji. Hapo mkono ulikataa. Acheni basi niwaeleze ninyi kile ambacho hakiingii kwenye aya moja ya kijana yule.

Kijito chetu tulikiita Aora, ambalo kwa Dholuo ni mto, ingawa mtu mzima aliweza kukiruka bila kupandisha suruali. Mama aliniambia kwamba alipoolewa pale maji yake yalikuwa meupe, na asubuhi uliweza kuona kokoto chini. Mimi sikuwahi kuziona kokoto hizo. Nilipopata akili, kiwanda kikubwa kuliko vyote kilikuwa kimeshajengwa juu yetu, mahali kijito kinapopita nyuma ya Mjini, na mtaro wake ulikuwa ukimwaga moja kwa moja majini. Ulimwaga povu la masufuria, maji ya kuoshea mashine, na utomvu ulioharibika. Siku za kazi nyingi Aora ilishuka ikiwa na rangi ya chai kabla mtu hajatia majani, na ukichemsha ilizidi kuwa nyeusi. Tulicheka kwamba Kandiwo hatuhitaji sukari. Tulicheka, tukanywa, maana maji mengine yalikuwa ya chemchemi ya kule nyuma ya kilima, kwenda na kurudi ni asubuhi nzima.

Akoth hakuweza kuyanywa. Alikuwa na miaka minne. Tumbo lake lilijaa, likauma, likafungua, likajaa tena, na ngozi ya miguu yake ilitoka vidonda ambavyo Mama alivipaka kila dawa aliyoambiwa. Zahanati walimpa chumvi za maji kwenye pakiti, na Mama akazikoroga katika maji yale yale. Nakumbuka usiku na mchana alivyokuwa mwepesi mgongoni mwangu. Nilimbeba kwenda shule ya chekechea na sikuchoka, na kutochoka huko nilikuona ni nguvu zangu.

Mama ndiye aliyeianzisha ile barua ya kuilalamikia serikali kuhusu maji. Aliyeiandika ni Jaduong' Ogola, mzee wa kijiji, kwa sababu mwandiko wake ulisomeka, lakini aliyezunguka boma hadi boma na kidau cha wino, akiwabembeleza watu waweke vidole, alikuwa Mama. Wengine walihofia watoto wao wangekosa kazi ya kukata miwa. Mama aliwaambia, "Wanangu wawili wanakunywa kile wanachokunywa wanenu, sasa mnaogopa nini zaidi ya hicho?" Barua ikaenda. Ikakaa. Halafu siku moja Jaduong' akaja mbio, mtu wa umri wake, kutuambia kwamba afisa wa maji atakuja Alhamisi, na atakuja boma letu, kwa kuwa jina la Mama ndilo lililotangulia.

Hapa ndipo mnielewe vizuri, maana kosa lenyewe limeanzia hapa, na sidhani watu wengine wangelikosea namna tulivyolikosea sisi.

Kwetu mgeni haambiwi shida kabla hajala. Hata aje kuamua kesi, hata aje kuleta habari za msiba, kwanza ataketi, atakunywa, atakula, ndipo maneno yaanze. Na katika kila nyumba ya Kandiwo kulikuwa na dapi mbili, yaani mitungi ya maji. Mtungi mkubwa ulikuwa wetu, wa maji ya Aora. Ule mdogo, uliofunikwa kwa sahani na kikombe cha bati juu yake, ulikuwa wa mgeni, na ndani yake kulikuwa na maji ya chemchemi. Mtoto aliyeguswa na kiu akaufunua mtungi wa mgeni alichapwa. Hakuna aliyeona ajabu yoyote. Kumpa mgeni maji ya Aora ilikuwa ni kama kumtandikia chini na kitanda kipo.

Basi afisa wa serikali anakuja kuangalia maji mabaya, na wanawake wa Kandiwo wakakutana Jumatano kupanga watampikia nini. Siwazushii. Walifagia njia kutoka daraja hadi kwetu. Walisiriba upya sakafu yetu kwa samadi. Vikombe viliazimwa kwa mke wa mchungaji, kuku akatolewa na boma la pili. Na kuhusu maji ya chai, ya wali, ya kunawa na ya kunywa hapakuwa na mjadala hata kidogo. Nilipewa mtungi wa plastiki wa lita kumi nikatumwa chemchemini.

Nilikuwa na miaka kumi. Nilikwenda mara mbili, Jumatano mchana na Alhamisi kabla ya jua kuwaka, na mara zote mbili sikumwaga tone. Mama aliyapokea, akayachuja kwa kitambaa ingawa hayakuwa na kitu cha kuchujwa, akayamimina kwenye mtungi mdogo mpaka ukafurika. Akaniambia, "Nyathina, mwanangu, leo umefanya kazi ya mtu mzima." Nilivimba kichwa. Akoth aliomba kikombe kimoja, na mimi, nikijua thamani ya kazi yangu, nilimwambia asubiri mgeni aondoke.

Afisa alifika saa tano. Alikuja na gari lililofungwa vioo, koti la kijivu, viatu vyeusi vilivyong'aa, na kisanduku cha mbao chenye chupa ndogo za kioo zilizopangwa kwenye mashimo yake. Mpango wa wakubwa ulikuwa rahisi: ale, apumzike, kisha Jaduong' ampeleke mtoni aone mwenyewe. Macho anayo, walisema. Pua anayo.

Alikula. Alikunywa chai kikombe cha kwanza, cha pili, na cha tatu. Alimsifu Mama kwa Kiswahili cha ofisini, na Mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, alikuwa akimjaza tu na kutabasamu. Baadaye akaomba maji ya kunywa. Mama akafunua mtungi mdogo, akateka, akampa kwenye glasi ya mke wa mchungaji. Yule bwana aliinua glasi kwenye mwanga wa mlango. Nami nilikuwa nimesimama pale mlangoni, Akoth mgongoni, na niliyaona maji yangu yakiwa meupe kabisa.

Akafungua kisanduku, akatoa chupa moja, akamnyooshea Mama aijaze kutoka kwenye mtungi ule ule.

Mama alibaki ameshika kikombe. Jaduong' Ogola akakohoa, akasema bado hawajafika mtoni. Afisa akamjibu, bila kumtazama, kwamba anachopima ni maji wanayokunywa watu, na maji wanayokunywa ni haya hapa. Kisha akanigeukia mimi. Sio Mama, sio Jaduong', sio wanawake saba waliokuwa jikoni wameacha kupumua. Mimi.

"Msichana, hii maji ni ya hapa?"

Nilimtazama Mama. Naapa nilitazama nipate ishara yoyote, na Mama alikuwa akitazama sakafu aliyoisiriba jana. Nilichokijua mimi ni kwamba mtoto hamwaibishi mama yake mbele ya mgeni. Kusema yalitoka mbali ni kusema tulikuwa na kitu cha kuficha, na kwamba chai aliyokwisha kuisifu ilikuwa ya uongo. Tena, nikiri yote, nilitaka maji yangu niliyoyabeba kichwani yaende Mjini ndani ya chupa ya kioo.

"Ndiyo," nilisema. "Ni yetu."

"Maji iko sawa basi," akasema afisa, akajaza chupa, akaandika kitu kwenye kikaratasi, akakibandika. Alishukuru kwa chakula. Alipofika kwenye gari lake alifuta viatu kwa majani, na gari likapita juu ya daraja vioo vikiwa vimefungwa.

Majibu yalisomwa barazani. Maji ya Kandiwo yamepimwa na yanafaa kwa matumizi ya binadamu. Chifu aliyesoma alionekana kuona haya, lakini alisoma mpaka mwisho. Haukupita muda, kiwanda kikachimba mtaro wa pili, mpana kuliko wa kwanza, na aliyelalamika alionyeshwa barua ya majibu hayo. Watu wakamlaumu Mama kimyakimya, kwa kuacha kusema naye zaidi kuliko kwa maneno. Waliokula kuku wa afisa pamoja naye ndio waliolaumu zaidi.

Akoth hakufa. Najua mnangoja niseme alikufa, na mara nyingi watoto wa Kandiwo walikufa. Shangazi yetu aliyeolewa Rusinga alikuja kututembelea, akamwona, akamfunga mgongoni mwake akaondoka naye. Huko walikuwa na tangi la maji ya mvua. Alisema atamrudisha tumbo likipona. Lilipona kwa miezi miwili, na kila alipoletwa nyumbani liliharibika ndani ya wiki moja, kwa hiyo wakaacha kumleta. Mama alisimama pale darajani siku ya mwisho, ameshika kijisweta alichokisahau Akoth, na hakupunga mkono. Mdogo wangu alikua akimwita shangazi mama. Mama yangu anamwita Min Atieno, yaani mama yake Atieno, ambaye ni mimi, kama wanavyomwita majirani. Akoth ni mwanamke mzima sasa, ana watoto wake, ananipenda na ninampenda, na tukikaa pamoja tunatafuta cha kuzungumza.

Kwa miaka mingi niliibeba hiyo "ndiyo" yangu kama kosa la jinai. Nilikuwa nikiiamkia. Ilinichukua mpaka nilipoajiriwa, nikakaa ofisini na watu wa makoti ya kijivu, nikaona wanavyofanya kazi, ndipo nikamwelewa yule bwana, na tangu siku hiyo hasira yangu imepata pa kwenda. Yule mtu alijua. Alipita darajani, na darajani Aora inanuka hata kwa mtu mwenye mafua. Vioo alivifunga kwa sababu gani? Alikuwa na barua yenye alama za vidole vya watu wazima zaidi ya thelathini, akaziruka zote akamuuliza mtoto wa miaka kumi, kwa sababu alihitaji ndiyo moja tu ya kubandika kwenye chupa, na alijua ataipata wapi. Sisi tulimpikia, tukamwoshea mikono, tukamkabidhi. Hakuhitaji hata kudanganya. Uongo aliukuta mezani tayari, moto, una sukari.

Nami nawakasirikia watu wangu pia, sitawaficha. Nakasirikia ule mtungi mdogo. Nakasirikia adabu inayomficha daktari kidonda. Tulifundishwa kwamba umaskini ni uchi, na kwamba mtu mwenye heshima huufunika mgeni akija, na waliotuchafulia maji walikuwa wakiutegemea mfuniko huo kuliko walivyomtegemea wakili yeyote.

Jumapili iliyopita nilikwenda nyumbani na ile fomu kwenye mkoba. Mama amezeeka, mgongo umepinda, lakini alinikaribisha kwa shangwe zile zile, akaniketisha, akafunua mtungi mdogo na kuniletea glasi. Maji yalikuwa meupe. Nyuma ya mlango niliona jerikani la njano alimochota maji yake mwenyewe, na ndani ya kikombe chake maji yalikuwa ya rangi ile ile ya chai. Nilimuuliza tangu lini mimi nanyweshwa maji ya mgeni nyumbani kwetu.

"Wewe hukai hapa siku hizi," alisema. "Ukaenda ukaumwa tumbo Kisumu, watasema nini?"

Na aliyeyabeba kutoka kilimani ni nani? Mjukuu wa Jaduong' Ogola, akasema, msichana mzuri sana, hamwagi tone.

Glasi niliiweka chini. Nilitoa kwenye mkoba chupa tupu ya soda, nikaenda kwenye jerikani la njano nikaijaza. Mama alinyanyuka kwa haraka ambayo sikuidhania bado anayo, akanishika mkono. Aliniuliza naipeleka wapi. Nilimwambia naipeleka kwa kijana anayetaka kujua chanzo cha maji cha Kandiwo.

"Utatuaibisha, Atieno."

"Ndiyo, Mama."

Kisha akaninyang'anya chupa, akatoka nje, akaimwaga yote chini ya mgomba. Nilidhani tumemaliza. Akachukua fimbo yake akashika njia ya mtoni, polepole, akiteremka upande upande kama wanavyoteremka wazee, na mimi nikimfuata bila kuruhusiwa kumsaidia. Alipiga magoti pale chini ya mtaro, mahali povu linapozunguka, akaizamisha chupa mpaka ikaacha kutoa mapovu. Akaifunga kwa nguvu, akaifuta kwa ukingo wa leso yake, akanipa.

"Yale ya jerikani yamelala siku mbili," alisema. "Yametulia. Haya ndiyo yenyewe."

Chupa ipo hapa mezani ninapoandika. Imeshaanza kuvimba. Kijana wa fomu ameniandikia tena, kwa adabu ile ile, akiuliza nimekwama wapi, na nimemjibu kwamba sehemu iliyobaki, ya chanzo cha maji, nitaileta mwenyewe kesho asubuhi. Amefurahi sana, amesema nikaribie tu, tutakunywa chai. Nimemwambia ahsante, chai tuiache, anitafutie glasi moja nyeupe.